Kiasi Gani cha Mbolea Kinalitosha Tikiti Chotara? Mwongozo wa Jaribio la Shambani kwa Wakulima wa Unguja na Pemba

Msimu wa kwanza nilipopanda tikiti chotara katika shamba letu la kusini mwa Unguja, nilitia urea, yaani mbolea ya naitrojeni, kila baada ya siku kumi, nikiamini kwamba mbegu iliyonunuliwa kwa bei kubwa inahitaji kulishwa sana ili irudishe gharama zake. Mashina yalitambaa mpaka yakafunika njia, na majani yakawa mapana na ya kijani kilichokolea hata wapita njia wakawa wanasimama kuyatazama. Mzee mmoja jirani yetu aliinama, akafunua majani kwa bakora yake kutoka shina moja hadi jengine, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, majani haya ni mazuri, lakini matikiti yako wapi?" Mashina 200 hayakutoa hata tunda moja kwa kila shina, na mengi ya yale yaliyopatikana yalikuwa na uwazi katikati na utamu hafifu.

Tangu hapo sikuuliza tena "mbolea ipi ni nzuri" bila ya kuuliza pia "kiasi gani, na katika udongo upi." Mwongozo huu hautoi kipimo kimoja cha kufuatwa na kila mtu, kwa sababu visiwa vyetu vina maweni ya pwani ya mashariki ambako udongo umejificha katika mifuko baina ya mawe ya matumbawe, vina kichanga kisichoshika maji, vina kinongo chekundu na vina mabonde yenye kinamo kizito, na kila aina kati ya hizo huipokea mbolea kwa namna yake. Ninachoeleza hapa ni jinsi mkulima anavyoweza kukitafuta kiwango cha shamba lake mwenyewe, kwa jaribio dogo la msimu mmoja, linalohitaji mbolea ya dukani isiyozidi kilo 12, samadi na daftari moja.

Yanayotokea mbolea ikipungua na ikizidi

Kabla ya kushika jembe ni lazima kuelewa tunachokitafuta. Mbolea ikiongezwa kutoka sifuri, mavuno ya tikiti hupanda kwa kasi mwanzoni, kisha hupanda polepole, halafu hufika mahali yakasimama, na mkulima akiendelea kuongeza huanza kushuka. Mwenendo huo ni ule ule katika kila shamba. Kinachotofautiana ni mahali mavuno yanaposimama. Mbegu chotara huhimili kiwango cha juu zaidi kuliko mbegu za kawaida kama Sugar Baby, kwa kuwa ina nguvu ya ukuaji na uwezo wa kubeba matunda mazito, lakini nayo ina mwisho wake.

Naitrojeni ndiyo inayojenga shina na majani. Ikipungua, majani ya chini, yaani yale ya zamani, huanza kuwa manjano, shina hutambaa kwa uvivu na matunda huwa machache na madogo. Ikizidi, mmea huendelea kujishughulisha na majani wakati ambapo ungepaswa kuanza kuzaa: maua jike huchelewa, majani yaliyosongamana hushika unyevu na kukaribisha ukungu, na tunda linalokua kwa pupa huweza kupata uwazi katikati au kupasuka.

Fosforasi inahitajika zaidi mwanzoni, wakati mizizi inapojijenga. Katika ardhi ya maweni yenye chokaa nyingi, fosforasi hushikwa na kalsiamu ya udongo, na sehemu kubwa ya ile tunayoitia haimfikii mlaji wake. Ndiyo sababu mimi huichanganya na samadi ndani ya shimo badala ya kuitawanya juu. Ardhi hiyo hiyo huificha chuma na zinki pia, na dalili yake huonekana kwenye majani machanga, ambayo hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mkulima asipoitambua dalili hiyo atadhani ni njaa ya naitrojeni na kuongeza urea, na tatizo litabaki pale pale.

Potasiamu ndiyo inayochukuliwa kwa wingi zaidi na matunda. Husaidia utamu, uimara wa ganda na uwezo wa mmea kustahimili jua kali. Upungufu wake huonekana kwenye kingo za majani ya zamani, ambazo hukauka kama zilizobabuliwa na moto. Wakulima wengi ninaowafahamu hutia NPK, yaani mbolea ya mchanganyiko wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, pamoja na urea, kisha wakaona kazi imekwisha, na potashi, yaani mbolea ya potasiamu peke yake, haikumbukwi kabisa. Kwa tikiti, hilo ni kosa kubwa zaidi kuliko kupunguza urea.

Kuhusu kitako cha tunda kinachooza na kuwa cheusi, hiyo ni kasoro ya kalsiamu kutofika tundani. Mara nyingi chanzo chake si udongo kukosa kalsiamu, bali ni umwagiliaji wa leo mwingi kesho hakuna, na mbolea nyengine zilizozidi.

Hatua ya kwanza: kuijua ardhi na maji

Chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu kumi za shamba, uchanganye vizuri katika ndoo safi, uuanike kivulini, kisha upeleke takriban nusu kilo kwa wataalamu wa udongo wa taasisi ya utafiti wa kilimo iliyopo Kizimbani, au umuulize bwana shamba au bibi shamba wa eneo lako njia iliyo karibu. Tikiti hupenda udongo wenye pH, yaani kipimo cha uchachu, ya kati ya 6.0 na 6.8, ingawa huvumilia chini na juu kidogo ya hapo. Wakati unasubiri majibu, dondoshea siki juu ya udongo mkavu: ukitoa povu, basi una chokaa, na mengi niliyoyaeleza kuhusu maweni yanakuhusu.

Maji ya kisima nayo yaonje. Katika vijiji vya pwani kama Paje na Jambiani, kisima kinachovutwa sana kiangazi huanza kuwa na chumvi. Mbolea nyingi za dukani ni aina za chumvi, kwa hiyo shina linalonyweshwa maji ya munyu kisha likatiwa mbolea nyingi huungua kingo za majani hata kama kipimo kingekuwa sahihi kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kama ulimi wako unaihisi chumvi, kifute kile kiwango cha juu kabisa nitakachokitaja hapa chini, na katika mbolea za potashi chagua ile ya salfeti badala ya ile ya kloridi.

Hatua ya pili: kuchagua msimu na kugawa shamba

Usifanye jaribio wakati wa masika. Mvua kubwa huosha mbolea na kuleta ukungu, na hutajua tofauti uliyoiona imeletwa na mbolea au na maji. Kupanda mwezi wa Juni mvua zinapokwisha, au baada ya vuli ukiwa na maji ya kumwagilia, kunafaa zaidi. Wanaolenga soko la Ramadhani wahesabu siku 75 hadi 90 kurudi nyuma, kulingana na aina ya mbegu, na wakumbuke kwamba mwezi huo hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka.

Tenga vipande 12, kila kimoja kiwe na upana wa mita 4 na urefu wa mita 6. Katika kila kipande panda mistari miwili iliyoachana mita 2, kila mstari mashina sita yaliyoachana mita 1, na baina ya kipande na kipande acha njia ya mita 2, kwa sababu mizizi ya tikiti husafiri mbali na huweza kuiba mbolea ya jirani. Vipande hivyo vigawe katika makundi matatu ya vipande vinne vinne, na kila kundi liwe mahali ambapo udongo unafanana, kwani katika ardhi yetu hatua tano tu zinaweza kukutoa kwenye udongo wa goti ukafika kwenye jiwe tupu. Ndani ya kila kundi, viwango vyote vinne viwemo, na nafasi ya kila kimoja ipatikane kwa kupiga kura. Kura hii si mchezo: ukichagua mwenyewe, jicho lako litakipeleka kiwango unachokipenda mahali penye udongo mzuri bila ya wewe kukusudia.

Hatua ya tatu: viwango vinne

Samadi iliyooza vizuri iwe sawa kwa mashina yote, kilo 2 kwa kila shimo. Anayetumia mboji ya mabaki ya mwani aioshe kwanza kwa maji baridi au aiache ipigwe na mvua mpaka chumvi ipungue. Juu ya samadi hiyo, jumla ya mbolea ya dukani kwa kila shina katika msimu mzima itakuwa hivi:

A: hakuna kitu.
B: NPK ya 17-17-17 gramu 30, urea gramu 15, potashi ya salfeti gramu 10.
C: NPK gramu 60, urea gramu 30, potashi gramu 20.
D: NPK gramu 90, urea gramu 45, potashi gramu 30.

Kwa nafasi ya mita 2 kwa mita 1 hekta hubeba mashina 5,000, kwa hiyo kiwango B ni sawa na kilo 60 za naitrojeni kwa hekta, C ni kilo 120, na D ni kilo 180. Jaribio zima litakula NPK kilo 6 na nusu, urea kilo 3 na robo, na potashi kilo 2 na kidogo. Kiwango A wengi hutaka kukiruka kwa kuona ni kupoteza ardhi. Nakuomba usikiruke, kwa sababu bila ya hicho hutajua ardhi na samadi yako vinatoa nini vyenyewe, na faida yote ya udongo wako utaihesabu kuwa ya mbolea.

Sasa nieleze upimaji, maana hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika. Azima mizani ya dukani inayosoma gramu. Chukua kizibo cha chupa ya maji, kijaze NPK, kisawazishe kwa mgongo wa kisu, uimimine sahanini, na ufanye hivyo mara 20. Pima uzito wa jumla na uugawe kwa 20. Hapo utajua kizibo chako kinabeba gramu ngapi. Rudia kwa urea, tena rudia kwa potashi, kwa sababu punje za urea ni nyepesi na kizibo kile kile kitakupa uzito mwengine. Andika majibu matatu hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kizibo kikipotea, usichukue chengine ukaendelea kama hakuna kilichotokea, pima upya. Wala usikubali mkono wa mtu, hata awe mkulima wa miaka mingi, uwe ndio kipimo, kwa sababu ukipakwa jasho la mchana huchota zaidi kuliko ulipokuwa mkavu asubuhi.

Hatua ya nne: kupanda na kutia mbolea

Wiki moja kabla ya kupanda, chimba mashimo, tia samadi pamoja na nusu ya NPK ya kila kiwango, changanya na udongo mpaka kina cha sentimita 15, kisha mwagilia. Panda mbegu mbili kwa shimo, na baada ya miche kutoa majani mawili ya kweli, ubakishe mmoja. Mbegu iwe ya pakiti moja na aina moja. Usitumie mbegu ulizotoa kwenye tunda chotara la msimu uliopita, kwa kuwa miche yake itatofautiana yenyewe kwa yenyewe na kuficha tofauti unayoitafuta.

Mbolea ya kukuzia hutiwa mara tatu. Mara ya kwanza ni shina linapoanza kutambaa, takriban siku ya 20, ambapo nusu iliyobaki ya NPK hutiwa pamoja na theluthi ya urea. Mara ya pili ni maua ya mwanzo yanapoonekana, kwa theluthi nyengine ya urea na nusu ya potashi. Mara ya tatu ni matunda yanapofikia ukubwa wa danzi, ambapo urea na potashi iliyobaki humalizwa. Baada ya hapo naitrojeni ikome kabisa, kwa kuwa ya kuchelewa huchukuliwa na majani na kupunguza utamu. Penye kichanga kitupu, au Pemba ambako kwa kawaida mvua ni nyingi zaidi kuliko Unguja, gawa kila awamu mara mbili kwa kuachanisha wiki moja, bila ya kubadilisha jumla.

Kila mara chora mfereji mdogo wa duara, shibiri moja kutoka shinani, nyunyiza mbolea humo, ifukie, kisha mwagilia siku hiyo hiyo. Urea iliyoachwa wazi juu ya udongo wenye chokaa na kupigwa na jua hugeuka hewa na kuondoka. Ukiinama na kunusa harufu kali inayochoma pua, ujue sehemu ya fedha yako ndiyo hiyo inayopaa.

Palizi, maji na dawa ziwe sawa katika vipande vyote 12, na zifanyike siku moja. Shina linalovuka njia lirudishwe taratibu kwenye kipande chake, alasiri linapokuwa limelegea, kwani asubuhi huwa limejaa maji na ni jepesi kuvunjika. Usipunguze matunda, hata kama katika shamba lako la biashara huwa unabakisha mawili kwa shina, kwa sababu idadi ambayo mmea wenyewe unaamua kuibeba ni mojawapo ya majibu unayoyatafuta. Na usipige dawa ya wadudu asubuhi, kwani ua la tikiti hufunguka asubuhi moja tu, na nyuki wasipolitembelea mara nyingi ndani ya saa hizo, tunda huanguka au huwa na umbo lililopinda. Hakuna mbolea inayorekebisha hilo.

Hatua ya tano: kuandika kinachoonekana

Katika kila kipande funga kitambaa kwenye mashina manne ya katikati. Kila baada ya wiki mbili pima urefu wa shina kuu na uhesabu majani. Andika tarehe ya ua jike la kwanza, ambalo hutambulika kwa kitikiti kidogo chenye manyoya nyuma yake, tofauti na ua dume lililokaa juu ya kikonyo kitupu. Tarehe hii ni ya thamani kubwa: mara nyingi utaona kiwango D kina shina refu kuliko vyote, na bado ua jike lake limechelewa kuliko la C. Mkulima anayeangalia majani peke yake atakipa D ushindi mwezi mzima kabla ya mavuno kumwonyesha vingine.

Vuna tunda ambalo kikono kilicho karibu nalo, yaani kile kijikamba ambacho mmea hujishikizia, kimekauka na baka lake la chini limegeuka kutoka jeupe kuwa la manjano. Pima kila tunda, andika uzito na kipande lilikotoka, na utenge yaliyopasuka, yaliyooza kitako na yaliyotobolewa na inzi wa matunda, kwa kuwa hayo hayauziki hata yakiwa mazito. Kutoka kila kipande pasua matunda mawili, ukate vipande vya moyo wa tunda, uvipe namba, na uwaonjeshe watu watano wasiojua namba ipi ni ya kiwango kipi. Aliye na kifaa cha kupimia sukari atarajie tunda zuri lisome asilimia 10 au zaidi.

Hatua ya sita: kuyasoma majibu

Gawa uzito unaouzika wa kila kipande kwa mashina 12 ili upate kilo kwa shina, kisha tafuta wastani wa vipande vitatu vya kila kiwango. Kabla ya kufurahia, tazama jinsi vipande vitatu vya kiwango kimoja vinavyotofautiana vyenyewe kwa vyenyewe. Ikiwa tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti baina ya B na C, basi jaribio halijakuambia kitu kuhusu B na C, na huna budi kulirudia.

Sasa weka fedha ndani ya hesabu. Kila ngazi, kutoka A kwenda B, B kwenda C na C kwenda D, inaongeza gramu 55 za mbolea kwa shina, ambazo kwa mashina 2,000 ya ekari moja ni kilo 110, yaani zaidi ya magunia mawili ya kilo 50. Gharama ya kila ngazi ni ile ile. Mavuno ya kila ngazi siyo. Tuseme kwa mfano tu kwamba ngazi ya kwanza imeongeza kilo 2 kwa shina, ya pili kilo 1, na ya tatu gramu 200. Kwa ekari hiyo ni kilo 4,000, kisha 2,000, kisha 400. Chukua kilo hizo 400, zizidishe kwa bei ya shambani kwako, siyo bei ya masoko ya mjini kama Darajani au Mwanakwerekwe, kisha uzilinganishe na bei ya magunia mawili na ushei, nauli yake na ujira wa kuitia. Mara nyingi kiwango kinacholeta faida kubwa huwa chini kidogo ya kile kinacholeta tani nyingi, na ukiona kilo za D zimeshuka chini ya za C, huna haja hata ya kupiga hesabu.

Msimu unaofuata, jaribu viwango vilivyo karibu na kilichoshinda, au shikilia naitrojeni pale pale na ubadilishe potashi peke yake, gramu 10, 20 na 30, ili ujue utamu umeletwa na nini. Lakini usilirudishe jaribio kwenye vipande vile vile. Fosforasi ya D bado imo ardhini, na pia tikiti, tango, boga na mung'unye hazifai kufuatana mahali pamoja kwa sababu ya maradhi ya mnyauko yanayobaki kwenye udongo. Acha vigingi vyako mahali vilipo, panda mahindi juu ya eneo zima bila ya mbolea yoyote, na yakifika kiunoni simama pembeni uyatazame: pale yalipo marefu na ya kijani zaidi, ndipo mbolea ambayo tikiti hazikuweza kuila ilipobaki.